Mahabusu dhidi ya Sherifu: Somo kutoka jela ya Boston

Kijana mmoja katika darasa langu la Alasiri aliniuliza swali ambalo wenzake walilicheka. Tulikuwa katika mlango wa haki za viumbe, tumemaliza haki za jirani na tumeingia katika haki za mateka. Akasema: "Ustadh, mtu akishawekwa ndani ana haki gani tena ya kudai? Si ndiyo adhabu yenyewe?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu Magharibi ilikuwa imekaribia. Leo namjibu kwa urefu, na itanibidi nipitie mbali kidogo, katika mji wa Boston nchini Marekani, kwa sababu huko kuna shauri ambalo swali la kijana huyu lilijadiliwa mbele ya majaji kwa muda wa miaka 26, kuanzia 1971 hadi 1997.

Najua wapo watakaouliza tuna nini cha kujifunza juu ya mahabusu kutoka kwa nchi iliyofungua Guantanamo mwaka 2002. Hoja yao ina uzito, wala sina nia ya kuitetea nchi hiyo. Lakini dhulma ya mtawala haituzuii kusoma kesi za watu wake waliosimama wakamdai, pale waliposhinda na pale waliposhinda nusu tu. Na hii ni kesi ya kushinda nusu. Ndiyo maana inafaa kusomwa, maana kesi za ushindi mtupu hazimfundishi mtu jinsi mambo yanavyokwenda.

Nani hasa yuko jela?

Lugha yetu imetupa msaada mkubwa hapa. Tunalo neno mfungwa, na tunalo neno mahabusu tulilolipata kutoka kwenye Kiarabu, lenye asili ya kuzuia. Mfungwa ni yule ambaye hakimu amekwisha msomea hukumu. Mahabusu amezuiwa tu, anangoja kesi yake isikilizwe, na huenda mwisho wa kesi akaonekana hana hatia akarudi nyumbani kwake.

Marekani nao wana nyumba mbili kwa watu hawa wawili. Aliyehukumiwa kifungo kirefu hupelekwa gereza la jimbo au la serikali kuu. Aliyekamatwa jana usiku, ambaye amenyimwa dhamana au hana fedha ya kuilipa, hupelekwa jela ya kaunti, pamoja na wenye vifungo vifupi. Msimamizi wa jela hiyo ni sherifu, ambaye katika sehemu nyingi huchaguliwa na wananchi kwa kura. (Sherifu huyu hana uhusiano na masharifu wetu. Neno lake ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ni mnyapara wa wilaya.) Kwa hiyo, ukiingia jela ya kaunti yoyote kubwa Marekani, sehemu kubwa ya utakaowakuta ni watu ambao sheria ya nchi yao inasema bado hawana hatia. Na wengi wao wapo pale kwa sababu moja tu, nayo ni umaskini. Mwenzao aliyeshitakiwa kwa kosa lile lile ameweka fedha ya dhamana, yuko nyumbani anakula na watoto wake.

Tofauti hii ina matokeo katika Katiba yao. Aliyehukumiwa analindwa na Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu ya kikatili na isiyo ya kawaida. Yaani kuadhibiwa ataadhibiwa, ila kwa mpaka. Mahabusu analindwa na Marekebisho ya 14, na kwake yeye swali haliwi ukatili wa adhabu. Swali ni kama anaadhibiwa kabisa, kwa sababu ambaye hajahukumiwa hastahiki adhabu yoyote, ndogo wala kubwa. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kijana wangu. Alisema jela ndiyo adhabu yenyewe. Adhabu ya kosa gani, ikiwa hakimu hajasema neno?

Mlango wa mahakama ulivyofunguka

Kwa miaka mingi majaji wa Marekani walikuwa na desturi ya kutotia mkono katika mambo ya magereza. Mfungwa akiandika malalamiko, jaji alikuwa akisema hayo ni mambo ya mkuu wa gereza, yeye anajua zaidi. Sheria ya kumshitaki ofisa wa jimbo anayevunja haki za mtu ilikuwepo tangu 1871. Ilitungwa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ili kuwalinda watu weusi wa kusini dhidi ya Ku Klux Klan na maofisa waliokuwa wakishirikiana nao. Lakini ilikaa kabatini karibu miaka tisini bila kutumika sana.

Mtu aliyeufungua mlango huo kwa wafungwa alikuwa akijiita Muislamu. Thomas Cooper, mfungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois, alikuwa mfuasi wa kundi la Elijah Muhammad. Itikadi za kundi lile sisi hatukubaliani nazo, na wengi wa wafuasi wake walirejea katika Uislamu sahihi baada ya 1975 chini ya Imam Warith Deen Mohammed. Cooper alilalamika kwamba amenyimwa vitabu vya dini yake na haki nyingine walizokuwa wakipewa wafungwa wenzake, kwa sababu ya imani yake tu. Mahakama za chini zilimfukuza. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, katika hukumu fupi mno, kwamba malalamiko yake yanastahili kusikilizwa. Maneno yale machache yakawa ndiyo ruhusa. Tangu hapo mfungwa yeyote aliweza kuchukua kalamu na karatasi akamshitaki aliyeshika ufunguo. Aghlabu wanaotumia ruhusa hiyo leo, Wakristo, Mayahudi na wasio na dini, hawajui kwamba aliyewatangulia mlangoni alikuwa akidai Qur'ani na vitabu vyake.

Jela ya Mtaa wa Charles

Sasa twende Boston. Jela ya Kaunti ya Suffolk ilijengwa kwa mawe ya matale kuanzia 1848 na kufunguliwa 1851. Kwa zama zake ilisifiwa sana. Ilikuwa na umbo la msalaba, mabawa manne yanakutana kwenye ukumbi mrefu wa katikati, madirisha makubwa yanaingiza mwanga na hewa, na vyumba 220, kila kimoja kwa mtu mmoja. Waliojenga walidhani wametenda ihsani, na huenda kwa wakati wao walitenda. Miongoni mwa wanaotajwa kupita humo ni Malcolm X, kijana aliyehukumiwa Massachusetts mwaka 1946 kwa wizi wa kuvunja nyumba, kabla hajapelekwa gereza la jimbo alikoanza kusoma.

Lakini jengo huzeeka na watu huongezeka. Kufika 1971 jela ile ilikuwa na umri wa miaka 120. Chumba kilichokusudiwa mtu mmoja, chenye upana kama wa futi 8 kwa 10, kilikuwa kinalaza wawili. Msomaji apime mwenyewe sakafuni kwake. Aweke humo vitanda viwili, aweke choo, kisha aone amebakiwa na nafasi gani ya kutandika mswala. Mabomba ni mabovu, panya wamo, kelele za mabawa manne zinakutana katikati usiku na mchana, na mtu anakaa amefungiwa humo saa nyingi za kila siku akingoja kuitwa mahakamani.

Mahabusu walifungua shauri katika mahakama ya serikali kuu. Waliowashitaki walikuwa ni pamoja na sherifu, mkuu wa idara ya magereza ya jimbo, meya wa Boston na madiwani wake. Kuingia kwa madiwani kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitoa fedha. Mshitaki sherifu peke yake, atakwambia yeye ni mlinzi tu, hana fungu. Mshitaki diwani peke yake, atakwambia hajui yanayotendeka ndani. Wakisimama pamoja mbele ya jaji mmoja hawana pa kusukumiana mpira.

Jaji aliitwa W. Arthur Garrity, ndiye yule ambaye mwaka 1974 aliamuru shule za Boston ziache ubaguzi wa rangi na mji mzima ukamchukia. Katika kesi hii ya jela alifanya jambo ambalo napenda kila hakimu alisikie. Hakutosheka na karatasi za mawakili. Alikwenda kulala usiku mmoja katika jela ile. Kisha, mwaka 1973, akaandika hukumu yake. Alisema, kwa maana yake, kwamba mahali pale panawavunjia watu wasiokuwa na hatia uhuru wao wa msingi kabisa, wa kutembeza viungo vyao, wa kuwa wasafi na wa kujisitiri, na kwamba hakuna haja ya kweli inayolazimisha hivyo. Akaamuru kwamba baada ya tarehe 30 Novemba 1973 asilazwe mahabusu zaidi ya mmoja katika chumba kimoja, na baada ya tarehe 30 Juni 1976 asiwekwe mahabusu yeyote katika jengo lile.

Mambo matatu aliyoyataja jaji, yaani kutembea, usafi na sitara, hebu tuyatazame kwa macho ya fiqhi. Usafi ni sharti la Swala. Sitara ni sharti la Swala. Nafasi ya kusimama, kurukuu na kusujudu ni nguzo zenyewe. Jaji yule hakuwa akifikiria Swala. Ila mtu aliyenyimwa hayo matatu amezuiwa na Mola wake pia, iwe aliyemzuia amekusudia hivyo au hakukusudia.

"Hatuna fedha"

Utetezi wa serikali katika kesi za namna hii haubadiliki. Hatukatai kwamba hali ni mbaya, lakini fedha hazipo. Mahakama za Marekani zilikwisha kulijibu hilo katika miaka ya 1960: haki ya kikatiba haipimwi kwa gharama zake. Serikali haikulazimishwa kumfungia mtu. Ikiamua kumfungia, imebeba mzigo wake.

Sisi kanuni hii tumeisoma tangu madrasa, ila tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Ni hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Tunapowasimulia watoto huwa tunaishia kwenye kuwahurumia wanyama. Lakini itazame vizuri kosa la mwanamke yule lilikuwa nini. Hakumpiga wala hakumchoma moto. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Paka aliye huru njaa yake ni jukumu lake mwenyewe. Unapomfungia mlango, njaa ile inahama kutoka kwake inakuja kwako. Ikiwa hukumu ni hiyo kwa paka, basi mwanadamu aliyefungiwa chini ya ufunguo wa dola ana haki zaidi. Na Suratul Insaan, katika aya ya 8, imemtaja mateka pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wanaolishwa na watu wema, huku chakula chenyewe kinapendwa na anayekitoa.

Hata suala la bajeti wanazuoni wetu hawakuliacha. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu chake cha Al-Kharaj, aligusia habari za wafungwa waliokuwa wakitolewa nje na minyororo yao kwenda kuomba sadaka ili wapate kula. Akamwambia Khalifa aikomeshe aibu hiyo. Akapendekeza kila mfungwa awekewe posho ya mwezi kutoka Baitul Mal na apewe mkononi fedha taslimu, kwa sababu ukiamuru wapewe mikate, askari wa jela wataiondoka nayo. Akataka wapewe nguo za baridi na nguo za joto. Na akasema jambo ambalo kaunti za Marekani hadi leo hazijalifikia sawasawa: kwamba msongamano unatokana na kutopitiwa kwa majalada, na lau watu wangeangaliwa kesi zao kila mara, wasio na kosa wakaachiwa, wafungwa wangepungua. Abu Yusuf alifariki mwaka 182 Hijria. Alikuwa serikalini, anakula mshahara wa Khalifa, na bado aliandika.

Miaka kumi na tisa

Turudi Boston, maana kesi haikwisha pale jaji alipotia saini. Walioshitakiwa hawakukata rufaa dhidi ya hukumu ya msingi. Walifanya jambo jepesi zaidi, nalo ni kukawia. Tarehe ya 1976 ikapita mahabusu wamo ndani ya jengo lile lile. Mwaka 1978 mahakama ya rufaa ilichoka, ikasema jela ifungwe tarehe 2 Oktoba mwaka huo kama hautaletwa mpango wa jengo jipya linalokubalika. Siku nne kabla ya tarehe hiyo, Baraza la Jiji la Boston likaleta mpango. Miaka mitano ya hatuwezi, kisha kwa kitisho cha kufungiwa wakaweza.

Tarehe 7 Mei 1979 jaji alipitisha suluhu ya pande mbili na kuisajili kama hukumu. Serikali ilikubali kujenga jela mpya, na nguzo yake kuu ilikuwa chumba kimoja kwa mtu mmoja. Jela ikachelewa. Idadi ya mahabusu ikazidi makadirio, ramani ikapanuliwa hadi vyumba 453, ujenzi ukaanza 1987, na mahabusu wakahamishwa mwaka 1990.

Hesabu mwenyewe, 1971 hadi 1990. Waliofungua shauri walikuwa mahabusu, watu wa kukaa wiki au miezi. Walipokuwa wanahamia jengo jipya, wao walikuwa wamekwisha hukumiwa, wameachiwa, wamezeeka, na bila shaka baadhi wamefariki. Walidai kitanda ambacho hawakukilalia. Kuna watu wanaoliona hilo kuwa ni hasara. Mimi naona ndiyo sifa yao kubwa, na sijui kama walijua wakati ule wanawatendea nani wema.

Wiki moja

Sasa tufike pale niliposema ni ushindi nusu. Tarehe 14 Mei 1979, wiki moja tu baada ya suluhu ya Boston kusajiliwa, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi nyingine, iliyohusu mahabusu wa jengo la serikali kuu mjini New York. Ilisema kwamba kuwalaza mahabusu wawili katika chumba kilichokusudiwa mmoja si lazima kuwe ni adhabu. Kukiwa na sababu ya kiutawala, na kukawa hakuna nia ya kuadhibu, Katiba haijavunjwa. Mawakili wa pande zote mbili Boston walikuwa wamesaini siku chache tu kabla.

Mwaka 1989, jela mpya haijamalizika hata kujengwa, sherifu mpya aliyeitwa Robert Rufo aliomba mahakama ibadilishe suluhu ili aweke vitanda vya dabo deka katika vyumba 197. Hoja zake zilikuwa mbili. Mahabusu wamezidi, na sheria imebadilika. Jaji akakataa, mahakama ya rufaa ikakataa, na suala likafika Mahakama ya Juu, ambayo iliamua Januari 1992 kwa kura sita dhidi ya mbili. Jaji Byron White aliandika kwamba suluhu za namna hii zinaweza kurekebishwa ikiwa mazingira au sheria imebadilika kwa kiasi kikubwa, mradi marekebisho yalingane na mabadiliko hayo na yasizidi. Kuhusu fedha akagawa jambo kwa mizani nyembamba: ukosefu wa fedha hauwezi kuhalalisha kuvunja Katiba, lakini unaweza kutazamwa pale serikali inapoomba kupunguziwa mzigo ilioukubali juu ya kile Katiba inachokitaka.

Hapa wanafunzi wangu wa darasa la juu huwa wanagawanyika, na mimi nina upande wangu. Ahadi ni ahadi. Sherifu alipewa muda, akapewa ramani aliyoikubali, na sababu ya kuwepo kwa suluhu ile ilikuwa ni kuwatoa watu katika vyumba vya wawili wawili. Kurudi kuomba wawili wawili katika jengo jipya ni kuomba kurudishiwa ugonjwa uliopelekwa hospitali. Jaji John Paul Stevens na mwenzake Harry Blackmun waliobaki na upande wa mahabusu, nadhani waliliona hilo. Lakini haki isemwe, hoja ya White si ya kipuuzi. Akikataa kubadilisha chochote, sherifu mwenye mahabusu wengi kuliko vyumba atawapeleka wapi? Atawahamishia kaunti za mbali, ambako mama zao na mawakili wao hawatawafikia. Kesi ilirudishwa kwa jaji wa chini apime upya, na alipopima akakataa tena.

Halafu likaja Bunge. Aprili 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kupunguza mashauri ya wafungwa. Magazeti na wanasiasa walikuwa wamelalamika kwamba wafungwa wanashitaki kwa upuuzi, na mifano ya kuchekesha ikazungushwa nchi nzima. Miongoni mwa vifungu vya sheria hiyo ni kwamba suluhu au amri yoyote inayoisimamia jela inaweza kufutwa ikiwa mahakama haikuthibitisha kwamba uvunjaji wa haki unaendelea. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Boston ilikubali kwamba kifungu hicho ni halali, na suluhu ya 1979 ikafikia mwisho wake kwa njia hiyo.

Jela kongwe ya Mtaa wa Charles nayo haikuvunjwa. Ilikarabatiwa, na mwaka 2007 ikafunguliwa kuwa hoteli ya kifahari inayoitwa Liberty, yaani uhuru. Wageni wanalipa fedha nyingi kulala pale ambapo jaji alisema hapalaliki, na mojawapo ya baa zake imepewa jina la kimtaani la jela. Sitii neno.

Anayedai leo

Sheria ile ya 1996 bado inatumika, na inamhusu mahabusu wa kaunti sawa na mfungwa wa gereza. Ada ya kufungua kesi hasamehewi hata fukara. Hukatwa kidogo kidogo katika fedha anazowekewa na ndugu zake. Aliyefukuziwa mashauri matatu kwa kuonekana hayana msingi hafungui la nne mpaka alipe ada yote kwanza, isipokuwa kama yuko katika hatari ya kudhurika mwili. Kwa maumivu ya moyo peke yake, bila jeraha la mwili, hadai fidia. Na kabla ya yote hayo, lazima awe amemaliza ngazi zote za malalamiko ndani ya jela yenyewe, yaani amlalamikie mlinzi kwa wakubwa wa mlinzi.

Hata hivyo watu wanadai, na Waislamu wamo. Mwaka 2006 mama mmoja katika Kaunti ya Orange, California, alikwenda mahakamani kwa shauri dogo, akawekwa mahabusu ya jengo la mahakama, akaamriwa avue hijabu yake mbele ya wanaume wasiokuwa maharimu zake. Alipoishitaki kaunti chini ya sheria ya mwaka 2000 inayolinda ibada za waliofungiwa, mahakama mbili zilimwambia kwamba chumba cha kungojea mahakamani si jela, kwa hiyo sheria ile haimfikii. Mwaka 2011 jopo kubwa la mahakama ya rufaa lilisema bila kupingana kwamba inamfikia. Mahali unapofungiwa ukingoja jaji ni mahali pa kufungiwa. Katika jimbo la Arkansas, Muislamu mwingine aliandika kwa mkono wake ombi la kuruhusiwa kufuga ndevu za nusu inchi, na Januari 2015 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walimpa haki yake.

Habari hii inatugusa karibu kuliko tunavyodhani, maana jela za kaunti Marekani hukodisha pia vitanda kwa idara ya uhamiaji, na waliolala kwenye vitanda hivyo wamo watu wa pwani yetu na wa bara letu. Nimewahi kusikia familia zikihangaika kutafuta wakili wa kesi kubwa, huku aliye ndani hajaandika mstari mmoja. Wakili ni muhimu, lakini karatasi ya kwanza ni ile fomu ya malalamiko ya jela yenyewe, na huitoa askari wa zamu. Aiombe. Ajaze tarehe, ataje jambo moja bayana badala ya kumi kwa jumla (hakupewa dawa siku fulani, amezuiliwa Ijumaa fulani), na abaki na nakala. Akinyimwa fomu, aandike kwamba amenyimwa na aliyemnyima, kwa sababu mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilisema hakuna anayelazimishwa kupitia ngazi ambayo kwa kweli haipandiki.

Muda wa kuirudisha hupangwa na kila jela, na mara nyingi ni siku chache tu. Mfungwa mmoja wa California aliyezuiwa kushiriki baadhi ya shughuli za dini alipeleka malalamiko yake baada ya miezi kama sita, wakati kanuni ilimpa siku 15 za kazi. Shauri lake lilifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2006 likafungwa hapo kwa kura sita dhidi ya tatu. Kama alikuwa amedhulumiwa au hakudhulumiwa, majaji hawakulifikia swali hilo.